Mtungi wa Chumba cha Miswada

3 Machi

Baba mpendwa, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila ofisi inanipasua kichwa. Wameniletea mitungi ya unga ya kuzimia moto, eti inafaa kwa kila kitu! Unga ule ukiingia kwenye miswada ya miaka mia tatu hautoki tena. Mimi nataka ya gesi, inazima na haiachi hata doa. Wewe umekuwa zimamoto miaka thelathini, niandikie neno nikawaonyeshe.

Bintiyo

11 Machi

Marahaba, binti yangu. Goti linanisumbua, lakini kwa usumbufu halikufikii wewe. Unga umeukataa, vizuri. Gesi, hapana! Chumba chako hakina dirisha, nilikiona mwenyewe. Gesi hiyo inafukuza hewa, au huko maktaba mmeacha kupumua? Tena karatasi hujifanya imezimika, kisha inawaka upya. Chukua mtungi wa kunyunyiza maji laini kama ukungu.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini hujambo. Maji? Maji, Baba? Wino ule ukiguswa na jasho tu unachujuka! Mimi nina miguu, nitatoka. Miswada haina. Gesi nimeshaagiza, naomba tusigombane.

Bintiyo

16 Machi

Marahaba. Nimesema ukungu, sikusema ndoo! Karatasi ikilowa hukaushwa. Haya, fanya utakavyo, hukuanza leo. Ila moto ukitokea, simama mlangoni, mlango wazi, puliza, toka. Niahidi.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba. Nisamehe kwa ukimya, na poleni na baridi. Jumanne soketi ya nyuma ya kabati ilishika moto. Niliuzima kwa mtungi wangu, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioungua! Mkurugenzi wetu mwenyewe, aliyeng'ang'ania unga, amenyoosha mikono. Nilipoingia nilifunga mlango nyuma yangu, mazoea ya kazi, vumbi lisiingie. Nikazimia kidogo, mlinzi akanitoa. Sasa sijambo kabisa.

Bintiyo

4 Juni

Leo salamu sina. Kidogo? Nimempigia simu mlinzi. Anasema midomo yako ilikuwa imebadilika rangi, na alikuita mara nne hukuitika. Miaka thelathini nimewatoa watoto wa watu kwenye moshi, wangu katolewa na mtu mwingine, nami napata habari kwa barua, chini ya habari za karatasi! Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika. Nakuja Jumamosi. Usinitajie mswada wowote kabla sijakuona unapumua.

Baba yako