Picha ya Simiyu kutoka melini

Kitale, Jumamosi

Ati picha! Simiyu, kaka yangu, mchuuzi wa ng'ombe wa Myanga ambaye hanunui hata fahali bila kumfungua mdomo, aliinunua kwa mnada ndani ya meli ya watalii. Bintiye ndiye alimlipia safari. Walimpa mvinyo wa bure, akainua mkono.

Cheti kinasema imechorwa kwa mkono. Nani ametia sahihi? Walewale waliomuuzia.

Leo ameniletea, imefungwa kwa shuka. "Dada, nipe tu mtamba wako mmoja, ubaki nayo. Bei yake itapanda."

"Kama itapanda, si ukae nayo wewe?"

Akatazama chini. Hivyo hivyo ndivyo alivyotazama siku aliyoniuzia ng'ombe asiyeshika mimba.