Gundi Kwenye Tochi ya Baba

Baba yangu,

Kamwene. Ungekuwepo ungeitikia bila kuinua macho kwenye kazi, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nimekula, Baba. Nimekula wali, kila siku wali, huku Ubaruku mpunga umejaa mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimeolewa. Ni mwezi wa tatu sasa, na bado Ezekia akiniita "mke wangu" mbele za watu nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Nakuandikia kwa sababu Mama amekataa kunibebea. Kuna jambo nilikuficha siku ya mwisho nilipokuja kukuona hospitali. Nilipomwambia Mama kwenye simu alisema, "Hilo umwambie mwenyewe, Faraja. Mimi sikubebei." Wewe umelala Iringa na mimi niko huku, basi nimechukua daftari. Nitakwambia. Niache nianze na mepesi, unanijua.

Ezekia ni mzima. Baba, nampenda mpaka najionea aibu. Anarudi kutoka mashineni nyusi zimejaa pumba, anaonekana mzee wa miaka sabini, na ananizuia nisimfute mpaka nimwamkie shikamoo kwanza. Juzi alikoboa mpunga wa watu kutwa nzima, akafika nyumbani hawezi kuinua mkono, lakini mfukoni alikuwa na embe moja aliloniletea, amelikalia njia nzima kwenye bodaboda, limepondeka. Nililila hivyo hivyo. Lilikuwa tamu kuliko maembe yote niliyowahi kula. Nacheka sana siku hizi. Halafu katikati ya kicheko nakukumbuka, na kicheko kinakatika hapo hapo, na Ezekia anajua.

Unakumbuka siku watu wa kwao Ezekia walipokuja kujitambulisha nyumbani pale Mlandege? Watu wazima wamekaa, baba mdogo amevaa koti, mambo ya mahari yameanza kuzungumzwa kwa heshima zote. Mama mkwe, ambaye hata hakutakiwa kusema, akasema tu pembeni kwamba kwao tochi hazidumu. Kwamba zamu ya maji ya majaruba ya mpunga inaanza alfajiri kabla hakujapambazuka, mwanamke ana jembe mkono mmoja, mkono mwingine anazuia tope, tochi ameishika kwa meno. Ikidondoka majini imekufa. Wewe ukageuza kiti. Ukaacha wazee wa watu na mahari yao, ukaanza kumuuliza, "Kwa meno? Meno yapi, ya mbele? Inadondoka ukiinama au ukisema?" Baba mdogo akakohoa, akakohoa tena, wala hukusikia. Mwisho ukatangaza kwamba binti yako hatakwenda Ubaruku na vyombo tu, atakwenda na tochi ya mama mkwe wake, na utaitengeneza mwenyewe. Mama alifunika uso kwa kanga. Mimi nilitamani kukukumbatia mbele za watu wote.

Wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi na wewe. Niseme kweli, hata kuliko fungate. Tulianza na kipande cha bomba la maji, nikakuletea kile kiungo chenye kona wanachotumia mafundi bomba, kwa sababu nilifikiri tochi ikining'inia kifuani ikiwa imenyooka itamulika tumbo la mtu. Ikiwa na kona inamulika mbele ya miguu. Ulikishika, ukakigeuza, ukasema, "Hii akili umeitoa wapi, maana kwetu hatuna." Niliringa siku tatu. Kamba ya shingoni tukatoa kwenye begi langu la shule. Betri tukafungua kwenye kompyuta zilizokufa, ukizipima moja moja, nzima huku, mbovu kule. Swichi ilitusumbua. Tulipoiweka mbele ilijiwasha yenyewe kila nilipoinama kufagia, ukawa unaniita "gari la wagonjwa." Tukaihamishia ubavuni.

Halafu ukaja mfuniko. Ulitaka tochi ifunguke kwa dole gumba la mkono wa kushoto peke yake, nusu mzunguko, basi, betri itoke ikachajiwe. Hukutaka bisibisi wala kisu. Ndivyo ulivyopima kila kitu kilichopita kwenye meza yako, redio, pasi, feni. Ulikisukuma kwa dole lile la kushoto lenye ukucha mweusi, na kisipofunguka ulikirudisha. Nikakwambia mfuniko unaofunguka kirahisi hivyo utaingiza maji, tuupige gundi yaishe. Ukakataa. Ukasema ukimuuzia mtu kitu asichoweza kukifungua umemkodishia tu. Tukaizamisha kwenye beseni la Mama, maji yakaingia. Tukakata mfuniko mwingine, yakaingia. Mama akapiga kelele kwamba beseni lake la unga limegeuka bwawa la samaki. Mara ya nne yakaingia tena, na wewe ukaanza kukohoa, na kikohozi hakikuondoka.

Tangazo letu la kwanza la ndoa, kati ya yale matatu yanayosomwa Jumapili tatu kabla ya harusi, ulilisikia ukiwa benchi la mbele kanisani, umenyoosha shingo. La pili nilikurekodia kwa simu, ukalisikiliza kitandani hospitali mara mbili, mara ya tatu ukampa jirani yako wa kitanda cha pili na yeye asikilize. Ukaniambia, "Tochi ilete. Nataka kuiona kabla ya la tatu."

Sasa nakwambia.

Nilikuwa peke yangu mezani kwako. Mfuniko ulikuwa bado unavuja. Nilijaribu mpira, nikajaribu nailoni, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia. Nilitaka uione inawaka ndani ya maji. Nilitaka ufurahi, Baba, hilo tu. Nikachukua gundi ile ya kuunganishia mabomba, nikaipaka yote kuzunguka mfuniko, nikaubana, nikafuta iliyotoka nje mpaka isionekane. Nilijua haitafunguka tena. Nikajiambia nitaikata baadaye, nitengeneze nyingine vizuri, wewe ukiwa umepona.

Niliizamisha kwenye jagi lako la maji pale pembeni ya kitanda. Ikawaka. Jagi zima likawa taa. Jirani yako akakaa kitako, akasema, "Mzee, binti yako ni hatari huyu!" Na wewe ulicheka mpaka nesi akachungulia. Sijawahi kuona uso wako vile. Halafu ukanyoosha mkono, ukaitoa majini, ukaifuta kwenye shuka, ukaweka dole lako la kushoto kwenye mfuniko, ukasukuma.

Ukasukuma tena. Mara ya tatu ncha ya dole iligeuka nyeupe. Ukaacha. Ukaliangalia dole lako kwa muda, juu na chini. Ukasema, "Dole limeisha, Faraja."

Ningeweza kusema. Ni maneno mawili tu, Baba, ni gundi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini ulikuwa umetoka kucheka, na jirani alikuwa anatuangalia, na niliona aibu kwamba nimekudanganya kwa kitu kile kile ulichonikataza. Nikasema, "Utapona, Baba, litarudi." Nesi akatangaza muda umekwisha. Nikakubusu kwenye paji la uso nikaondoka.

Uliondoka Ijumaa. Jumapili ya tatu mchungaji hakusoma jina langu. Alisoma lako.

Na kwenye msiba ndipo jambo lilipokua. Mama alikuwa akiwaambia wote waliokuja kukaa naye, "Alijua anakwenda. Mtu ambaye maisha yake yote ni mikono, siku ile alishindwa hata kufungua tochi. Akaniambia, mama Faraja, vidole vimeniaga, na mimi nafuata." Wanawake wakaguna, wakalia. Baba mdogo akalisema makaburini aliposoma wasifu wako. Likawa neno la ukoo. Na mimi nimekaa kwenye mkeka nimejifunika, nalisikia kila siku, kila mgeni, na sikusema. Harusi ilipofanyika baada ya matanga, tochi ikashikwa juu mbele ya wageni kwamba ni kazi ya mwisho ya marehemu, watu wakapiga vigelegele huku wanalia. Mama mkwe akaivaa shingoni pale pale, juu ya gauni la harusi.

Aliitumia zamu zote za maji, moja kwa wiki, na betri ikavumilia. Kwa meno hashiki kitu tena, Baba, anaimba sasa akiwa majarubani, na kuimba hajui. Mpaka wiki mbili zilizopita ikafifia, ikazima. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Yeye alikaa mlangoni, ameishika, anasukuma mfuniko kwa dole lake. Akasukuma tena. Halafu akainua mkono, akaliangalia dole, juu na chini, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Kumbe nimezeeka hivi."

Nilidondosha kisu. Nilisema, "Mama, si dole! Ni gundi! Niliipiga gundi!" Nikalisema hivyo hivyo kwa kelele, majirani nadhani walisikia. Akanitazama. Akasema, "Kumbe! Na wewe unanizeesha bure hapa?" Akaanza kucheka, mpaka akaniona nimekaa chini na maganda ya vitunguu mapajani. Nilimwambia yote. Ezekia aliporudi akanikuta bado niko chini, nikamwambia na yeye yote. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo. Aliniuliza tu kama nataka kuikata mimi au aikate yeye, na nilipoweka msumeno juu ya bomba mikono ikakataa, akaja nyuma yangu akashika mikono yangu, tukakata pamoja.

Kisha nikampigia Mama. Nilidhani atanigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Siku ile ulipotoka, alilia. Miaka yote niliyoishi na mwanaume yule sijawahi kumwona analia. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati, kila mara anaacha, anasema vidole haviwezi. Mimi ndiye niliyemfunga." Kisha akasema, "Kwa hiyo aliweza kukifunga." Nikasema ndiyo, Mama, aliweza. Hapo ndipo aliposema nikwambie mwenyewe.

Nimekwambia. Nilikuwa nafikiri nikiandika nitajisikia mwepesi. Bado. Siombi unisamehe kwenye karatasi, maana huwezi kunijibu, na nikijijibia mwenyewe nitakuwa nimepiga gundi nyingine.

Lakini nikueleze kazi. Mpira tulioutumia kwenye mfuniko ulikuwa mnene, ndiyo maana tukikaza unajikunja na maji yanapita. Nimekata pete nyembamba kwenye tyubu ya baiskeli, mbili, nimezipaka mafuta ya mgando, moja ndani ya mfereji niliouchonga kwenye mfuniko, nyingine juu yake. Nimeizamisha tangu asubuhi mpaka jioni, halikuingia hata tone. Na inafunguka. Mama mkwe alikuja kutoka shambani tope mpaka viwikoni, nikamwambia asinawe, ajaribu hivyo hivyo. Dole gumba la kushoto, nusu mzunguko, betri ikamdondokea kiganjani. Akapiga kelele akaniambia nimtengenezee na dada yake. Ezekia alinibeba juu juu kuzunguka uwanja, pumba zote zikaniingia machoni, na nililia kwa pumba na kwa wewe, sikujua kipi ni kipi.

Sijui ungesema nini. Pengine ungeigeuza, ungesukuma, ungetafuta kosa ungelipata. Natamani sana ulipate.

Mwezi ujao ukoo unakutana kaburini kwako kuweka msalaba wa kudumu. Baba mdogo atasimama, na najua atasema lile neno la vidole vilivyokuaga, kwa sababu analipenda na analisema vizuri. Mama amesema hatanizuia. Ninaogopa, Baba. Shangazi zangu watasema mtoto huyu alimpeleka baba yake na huzuni kaburini, na watakuwa wamesema kweli. Nitasimama hata hivyo. Nitasema mbele ya wote kwamba hukuishiwa nguvu siku ile, kwamba ni mimi niliyeifunga tochi kwa gundi. Ezekia amesema atasimama pembeni yangu, nimemwambia akae. Hili ni langu na wewe.

Lala salama, Baba yangu mzuri. Mikono yako ilikuwa mizima.

Ni mimi binti yako,
Faraja