Futi Elfu Mbili Nilizonyamazia

Mama Kemunto, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku Ghuba, ambako hata maji ya bomba yanatoka yakiwa moto. Natumai homa ya Kemunto imeshuka, na kwamba mama yangu kule Manga amekubali kupumzika, ingawa ninavyomjua bado yuko shambani na jembe lake. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaowaka, nawe ndiye wa kwanza kuambiwa sababu.

Unamkumbuka yule kepteni mwenye miwani ya dhahabu, ninayeruka naye kama rubani msaidizi? Tangu nilipomwambia kwetu tunalima ndizi, ameniita Ndizi mwaka mzima mbele ya wahudumu wa ndege. Mwezi uliopita nilimsahihisha kidogo tu kuhusu mwendo, akanijibu, "Mashine yangu ikiwa inarusha ndege, weka mikono magotini na ufunge mdomo." Nilimeza, lakini niliapa nitamlipa.

Sasa sikia. Ndege hizi zina mashine ya kuzirusha zenyewe. Rubani anazungusha kitufe, namba ya kimo inatokea kwenye kidirisha, na mashine inaishusha ndege mpaka hapo. Kwa hiyo desturi yetu ni kwamba anayezungusha hutamka namba kwa sauti, na mwenzake huinyooshea kidole na kuirudia. Kepteni anasema hayo ni ya wanafunzi. Siku ile tuliruhusiwa kushuka hadi futi elfu kumi na tatu, nami nikaijibu redio sawasawa. Yeye akazungusha hadi kumi na moja, akaendelea kunisimulia nyumba anayojenga.

Niliona, Mama Kemunto. Niliona vizuri kabisa, nikaweka mikono magotini. Nilitaka waongozaji wa ndege wamkaripie redioni, aitwe ofisini, aaibike kama alivyoniaibisha mimi. Tuliipita kumi na tatu nikiwa nacheka kimoyomoyo. Mara redio ikapaza sauti kwamba kuna ndege nyingine chini yetu inapanda. Kepteni akazima mashine na kuvuta usukani kwa nguvu zote. Ile ndege ilipita karibu mpaka nikayaona madirisha yake. Huko nyuma mhudumu mmoja, binti wa Kifilipino, alirushwa juu, toroli la chai likamwangukia na kumvunja mkono.

Kepteni ameandika kwamba mashine iliharibika ikashuka yenyewe. Chombo cha kumbukumbu kinaonyesha tulishuka, lakini hakionyeshi namba iliyokuwa kwenye kidirisha, na aliibadilisha upesi. Shahidi ni macho yangu tu. Jana alinialika chai, akaniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza, akasema mwakani nitapata kiti cha kepteni, mradi sikuona kitu. Nilimshukuru kwa adabu zote. Nilikunywa chai yake nikiwaza nitakavyomzika.

Kisha nikaenda hospitali kumwona yule binti. Akaniambia, "Mzee tunamjua hasikii la mtu. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale." Sikuweza kumtazama usoni.

Kikao cha uchunguzi ni Alhamisi. Nikisema niliona kumi na moja, mzee amekwisha, leseni yake na jina lake. Halafu wataniuliza kwa nini nilinyamaza, na sina jibu la kuniokoa. Nimelipima hilo siku tatu. Nitasema. Usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Namchukia kuliko jana, na nitakaa mbele yake nimwone anavyovua ile miwani.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie kaka yangu mwalimu, na shangazi yangu wa Keroka aliyechoma mbuzi siku nilipopata leseni. Yeye usimwambie lolote kwanza. Na baba yako pale dukani Kisii mjini, mpe heshima zangu zote, kisha umuulize kwa upole kama bado anatafuta dereva wa lori.

Mumeo anayekupenda,
Baba Kemunto