Kanitilia oili ya gari kwenye pikipiki

Shoga, hasira bado haijanishuka.

Kaka yangu si alijitia kunibadilishia oili ya pikipiki? Kumbe kamimina iliyobaki ya gari lake. Ya gari! Kwenye pikipiki!

Asubuhi nimeitwa kuzalisha. Nafika mlimani, injini inanguruma, pikipiki haipandi. Nazidisha mafuta, kelele tu. Klachi inateleza. Nikaiacha hapohapo, nikapanda mbio na begi langu la ukunga.

Nikamkuta mtoto ameshatoka, yuko mikononi mwa bibi yake, kitovu hakijakatwa. Bibi kaniuliza, "Mkunga, ulikuwa wapi?" Nikafungua begi, nikakata kitovu. Wazima wote wawili, lakini ingekuwaje!

Nampigia kaka, eti, "Oili ni oili, dada. Mambo ya injini utayajulia wapi?"

Oili ni oili! Tena anacheka!

Nikamwambia klachi ya pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili ya injini, ya gari inaitelezesha. Imeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kama angefungua.

Sasa niko kwake, ufunguo wa gari lake mkononi. Mpaka fundi anirekebishie pikipiki, ndilo nitakaloendea kuzalisha. Yeye atembee.