Mama, Mrudishie Mwajuma Mswaki Wake

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana leo moja haitoshi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya asubuhi? Na lile goti? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ingawa bunduki bado zinalia kule milimani, nasi tumezizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Mwajuma, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke hata mstari, hasa ile inayokusema wewe.

Mama, nimejifungua! Mtoto wa kike, ametimiza miezi yake tisa, na akilia majirani wanagonga ukuta. Leo ana siku tisa. Nimempakata huku naandika, kwa hiyo msinicheke mwandiko. Jina lake nimeliweka mwisho kabisa. Mwajuma, usichungulie!

Lakini kilichonikalisha chini haraka hivi ni barua ya Mwajuma iliyofika juzi. Anasema ana mimba ya miezi minne, fizi zinamtoka damu, na wewe umemficha mswaki. Nilicheka, halafu nikaogopa. Hata mahali ulipouficha napajua: juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika. Ndipo ulipouficha wangu nilipokuja kwako na mimba ya kwanza.

Unakumbuka ulivyoniambia? "Damu ikifunguka juu, itafunguka na chini." Nilitii. Mimba ya pili nilikuwa huku, hakuna wa kunificha kitu, nikautupa mswaki mwenyewe. Wote wawili walikuja kabla ya wakati, tukawazika. Na hii ya tatu nilianza vilevile. Kinywa kilinuka mpaka Ramadhani akawa anaongea nami akiangalia pembeni, maskini mume wangu, fundi wa magari asiyeshindwa na harufu yoyote ya gereji!

Sasa, tangu mwaka jana napiga pasi nyumbani kwa mama mmoja daktari wa meno, anakaa Mutanga Nord. Siku moja alinipa pera. Nikaling'ata, nikaliweka mezani nipate kugeuza shati. Akaliangalia pera, akaniangalia mimi. Pale nilipong'ata palikuwa pekundu.

"We Asha, ii damu inatoka wapi?"

"Ni mimba tu, madamu. Kwetu ni kawaida."

"Kawaida? Unapiga muswaki?"

"Apana. Mama alinikataza."

Nikamweleza maneno yako. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akavuta kiti akaniuliza habari za wale wawili, mmoja baada ya mwingine, nami nikamwambia yote, pasi ikipoa.

"Sikiliza," akasema. "Mama yako alikamata nusu ya ukweli. Kinywa na tumbo binaongea, voilà. Lakini si muswaki inaleta damu. Ni buchafu inakaa ku fizi, fizi inagonjwa, na ule ugonjwa unaweza kuingia mu damu ukasumbua mimba. Batoto bengine banakuja mbele ya wakati, bengine banazaliwa badogo sana. Mi siwezi kusema ni ile iliua batoto bako. Hakuna mutu anaweza kujua. Lakini fizi mugonjwa tunaitunza, na kuitunza wakati uko na mimba si mubaya."

Mama, ulikuwa karibu! Nilicheka peke yangu njia nzima kutoka Mutanga hadi Buyenzi, watu wakinishangaa. Umekaa Ujiji bila kitabu wala daktari, ukajua kwamba kinywa na tumbo ni ndugu. Ulikosea mlango tu.

Nilipomwambia Ramadhani kwamba daktari anataka kunisafisha meno, yeye hakucheka. "Bakukwangue meno na mimba ya miezi tano? We uko na akili?" Siku ya tatu akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akanisindikiza mpaka kliniki ya yule daktari, akasimama mlangoni mikono kifuani. Daktari akakwangua ukoga uliokuwa umeganda mpaka chini ya fizi. Nilishika kiti hadi vidole vikafa ganzi. Nilitema damu, Mama, na kila nikitema najipapasa tumbo. Mtoto akapiga teke! Nilipomwambia Ramadhani, alikaa chini palepale kizingitini na kanzu yake nyeupe.

Nikapewa mswaki laini. Asubuhi na usiku kabla ya kulala, taratibu, na pale panapotoka damu ndipo nisiparuke. Baada ya wiki mbili hivi nililing'ata pera jingine mbele ya daktari, likabaki safi, tukapiga makofi kama watoto.

Halafu mimba ikaingia mwezi wa saba, mwezi uleule nilipomzika mtoto wa kwanza. Wiki ileile mapigano yakafunga njia ya Mutanga, sikuweza kumwona daktari. Nilibaki na mswaki, maji ya chumvi ya kusukutua, na dua. Niliogopa sana, Mama, sikufichi. Ramadhani akawa anachora siku kwa chaki ukutani gereji. Ukapita wa saba, ukapita wa nane, na wa tisa mtoto akaja mchana kweupe, mnene, mwenye hasira zake.

Mama, sikulaumu. Ulinilinda kwa kile ulichokijua. Nami nakuomba wewe, simwombi Mwajuma, kwa sababu hata nikimwandikia kurasa kumi hatagusa mswaki mpaka umkabidhi kwa mkono wako. Mpeleke hospitali wamtazame kinywa, waambieni kabisa kwamba ana mimba. Miezi hii ya katikati ndiyo mizuri kwa kazi hiyo. Na kliniki ya wajawazito asiache. Ndani ya bahasha kuna miswaki miwili laini. Wa kijani ni wake, wa njano ni wako. Pigeni pamoja, akuone.

Barua anaichukua mzee muuza mawese anayepanda boti ya kuja huko keshokutwa. Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, na shangazi muuza dagaa. Bibi aliyebaki na meno mawili mwambieni ayapige mswaki hayohayo. Ramadhani anakuamkia, anasema ugomvi wake na daktari umekwisha.

Huku Buyenzi mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Miaka sita mimi nimekuwa "bibi ya Rama" tu, yaani mke wa Ramadhani, na kila nilipoitwa hivyo iliniuma. Basi, tumempa mtoto jina lako. Mwajuma, sasa msomee Mama kwa sauti.

Mwanao akupendaye,

Mama Hadija