Nililifungua Daftari la Claudine

Jumanne jioni, Rwezamenyo, Kigali. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa haijaamua kuacha. Nimevua viatu vilivyolowa, chai iko mezani, na nina wivu.

Nauandika hivyo hivyo bila kuupamba. Namwonea wivu Claudine, na wivu wenyewe haukuanza leo.

Claudine ni mwenzangu kazini. Meza zetu zinatazamana katika ghala la sabuni kule Masoro, na kazi yetu sote wawili ni kupanga malori: lipi lipakiwe lini, litoke saa ngapi, lipitie mpaka upi. Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, mimi ni wa Kigoma, kwa hiyo siku ya kwanza tulipokutana tulikumbatiana kama ndugu. Udugu upo mpaka leo. Ila meza yake ni safi. Akisema atampigia mteja saa nne, saa nne anampigia. Mimi nikifungua simu kutafuta namba ya dereva, nusu saa baadaye niko kwenye picha za harusi ya mtu nisiyemjua, na namba bado sijaitafuta. Kalamu ninayotumia ni yake, nimeiazima tangu Ramadhani.

Mwezi uliopita ofisi ilituletea mwalimu wa kutueleza jinsi akili inavyojiongoza. Alisema kuna stadi tatu: kushika jambo kichwani huku unafanya jingine, kujizuia usifuate kila kinachopita mbele yako, na kugeuka haraka mipango inapobadilika. Akasema hizo si tabia ya mtu, ni stadi, na mtu mzima anaweza kuziimarisha akizifanyia mazoezi. Nayakumbuka hayo kwa sababu aliyasema kabla sijatoa simu. Claudine aliandika kurasa nne. Nilimtazama anavyoandika, kijiba cha roho kikanikaa hapa kifuani.

Na kesho bosi atatangaza msimamizi mpya wa usafirishaji. Ni mimi au Claudine, hakuna wa tatu.

Sasa nieleze la Jumamosi. Nilikuwa nimepanga lori la kwenda mpakani Rusumo lipakiwe Jumamosi saa mbili asubuhi. Nilimwandikia dereva, nikamwandikia mteja, nikajisifu. Ijumaa nikatoka kazini mapema, nikazima sauti ya simu, nikaenda zangu kusukwa. Jumamosi asubuhi nafungua mlango niende Masoro, nakuta mtaa mzima uko nje na majembe na mafagio. Jirani yangu akaniangalia nilivyovaa viatu vya kazini, akauliza kwa upole, "Zuhura, jembe yako iko wapi?"

Umuganda.

Miaka sita naishi Kigali. Hata mgeni wa mwezi mmoja anajua kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni kazi ya pamoja, maduka yamefungwa, magari hayapiti, na hakuna mpakiaji atakayeacha mtaa wake aje kukubebea katoni za sabuni. Mimi nilipanga lori siku hiyo. Pale pale mlangoni nikampigia dereva.

"Ah, dada, mimi iko Rusumo tangu jana," akasema. "Claudine alipakisha jana jioni. Hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Ujumbe wake ulikuwa kwenye simu tangu Ijumaa saa kumi: "Dada Zuhura, lori lako nalisogeza leo, kesho ni umuganda. Usijali." Sikuwa nimeusoma. Nilichukua fagio la jirani nikafagia mtaro mpaka saa tano, na badala ya kumshukuru Claudine moyoni nilikuwa nasema, kwa nini kila kitu yeye.

Jana ndipo nilipojiharibia kabisa. Bosi wetu alikulia Uganda, akifurahi Kiswahili chake kinakimbia. Alikuja mezani kwangu, Claudine yuko ghalani anahesabu mzigo, akaweka fomu ya lori mbele yangu, jina langu limeandikwa juu. "Zuhura, hii lori yako ilitoka Ijumaa. Ya wengine ililala hapa mpaka leo. Hiyo ndiyo planning. Watu kama wewe ndio nataka."

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nikasema, "Asante, bosi."

Usiku sikula vizuri. Asubuhi nikajiambia kwamba Claudine ana kipaji, amezaliwa nacho, lori moja halimpunguzii kitu. Leo mchana alipokwenda kula, daftari lake lilikuwa juu ya meza. Lile la jalada la bluu. Mikono yangu ikafika kabla sijaamua. Yule mwalimu alieleza na jinsi ya kujizuia, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshatoa simu, niko kwenye picha za harusi.

Nilitegemea kuona mipango mikubwa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Mimi husahau." Chini yake kuna mambo aliyowahi kusahau. Amemsahau mtoto wake shuleni, mara mbili. Aliacha sufuria jikoni mpaka majirani wakavunja mlango. Alifukuzwa kazi ya kwanza mjini kwa kuchelewa. Claudine huyu huyu.

Kurasa nyingine ni hatua ndogo ndogo, nyingine zinachekesha. "Simama. Chukua funguo. Usifungue simu mpaka ufike mlangoni." "Mteja wa Gatuna amenikasirisha. Usimjibu sasa. Mjibu saa nane." Kila kitu ambacho kichwa chake hakiwezi kushika, amekiweka kwenye karatasi, na kila siku analifungua daftari hilo upya. Kipaji sikukiona popote.

Nilitamani kiwepo. Mtu akikosa kipaji hakuna anayemlaumu. Hivi kumbe tulianza sawa, mimi na yeye, na mwenzangu akakaa chini akajifunza huku mimi nimekaa namwonea wivu, kalamu yake mkononi. Hapo wivu uliongezeka, naapa. Ungekuwa wa kipaji ningeuzoea.

Kisha nikafika Ijumaa.

"Lori la Zuhura. Kesho umuganda. 1. Mpigie dereva. 2. Wapakiaji wabaki mpaka saa kumi na mbili. 3. Mwandikie Zuhura. 4. Usimwambie bosi."

Hiyo ya nne niliisoma mara nyingi. Claudine haandiki kitu anachokifanya bila shida. Anaandika anachojua kitamshinda. Kwa hiyo naye alitaka kusema. Anaitaka nafasi hii kama ninavyoitaka, mtoto wake anahamia sekondari mwakani, na alikuwa na neno moja tu la kumwambia bosi ili nafasi iwe yake. Akajiandikia asiliseme.

Nilifunga daftari nikalirudisha lilivyokuwa. Aliporudi aliniletea brosheti moja, mshikaki wa mbuzi, ameifunga kwenye karatasi, akasema, "Kula, dada, leo hujatoka." Nikaila yote. Sikuweza kumtazama usoni.

Mvua imepungua sasa. Nimechana karatasi kwenye daftari la madeni ya duka la mama mwenye nyumba, ameniruhusu, na nimeandika kwa kalamu ya Claudine. Sijui kama mtu huanza stadi hizi akiwa na miaka thelathini na minne, lakini nimeanza na hii.

1. Amka saa kumi na moja na nusu. Simu ibaki kwenye mkoba.
2. Ukifika, nenda kwa bosi moja kwa moja. Usipitie kwenye chai.
3. Sema: "Lori la Ijumaa alilisogeza Claudine. Mimi nilisahau umuganda."
4. Usiongeze "lakini".
5. Mwambie Claudine kwamba ulifungua daftari lake.

Ya tano nimeikata mara mbili. Nimeiandika tena.