Mashua Tuliyoipasua Kabla ya Kukuzika

Kondo, mtani wangu, Mzaramo usiye na haya,

Umekufa bila kuniaga, na nimekasirika.

Ile mashua kuukuu ya bwawani, iliyobeba pampu ya kupeleka maji kiwanda cha mkonge, uliisema tangu mwanzo. "Mtani, mbao zinavuja, pampu ya umeme imekaa dimbwini. Kinachotulinda ni huu waya wa ardhini tu, unaoshusha umeme udongoni." Mnyapara Kibwana akaukata, akafungia mizigo ya singa za mkonge. Eti pampu inazunguka hata bila huo, basi ni waya mvivu! Asubuhi ukaishika pampu, miguu majini. Nilisikia yowe moja. Nilikukuta umeng'ang'ania chuma, meno yameuma ulimi, damu kidevuni, kiganja kinanuka nyama ya kuungua. Nikaukata waya mkubwa wa umeme kwa shoka. Nilikuwa nimechelewa.

Ulikuwa hata hujaoshwa, mnyapara akamwambia mdogo wako Salehe kwamba kesho pampu itafungwa waya mpya, apande yeye mashuani. Mashine zisikose maji.

Basi makaburini nikafanya kazi ya mtani. Nilishuka shimoni, nikalala mahali pako, nikasema hazikwi mtu hapa. Watu wakacheka, wakidhani nadai kuku, kama kawaida yetu Wanyamwezi. Nikasema nataka ile mashua ipasuliwe kwanza. Kibwana akaja kunivuta. Nikamwangusha humo humo, nikamkalia kifuani, nikamshindilia udongo mdomoni. Naye ni Mzaramo, mtani wangu, msibani hawezi kunishtaki. Lakini wallahi, Kondo, sikuwa natania. Ningemuua, kama Salehe asingenidaka mkono akilia, "Kaka Kasubi, mwache, tumzike kaka yangu."

Nikamwachia. Tukaenda bwawani wanaume wote na mashoka. Pampu tukaiburuta nchi kavu, mashua tukaipasua mpaka mikono ikatoka damu. Kaburini mbao za kukufunikia zikapungua moja, nikaleta ya mashua. Shekhe alinitazama, akaipokea. Huo ndio utani wangu kwako, na nililia kama mtoto.

Sasa pampu iko ukingoni, juu ya zege, na waya wa ardhini nimeuchimbia mwenyewe. Salehe haigusi kabla sijaukagua. Itakuwa hivyo kila asubuhi, nakuahidi, maadamu niko hapa Kimamba.

Lala, mtani. Ukiniona nakuja mapema, jua waya umekatwa tena, na sikuja peke yangu. Nimemleta Kibwana.

Kasubi